Darasa Lisilolia

Chekechea ya Vifaranga,
Majengo.
8 Desemba 2025

Kwa Ofisi,
Mfuko wa Hatua ya Kwanza, Makadara.

KUH: KUOMBA MWALIMU MSAIDIZI

Habari za hapo ofisini. Mimi ni Mwalimu Waringa. Darasa la watoto wa miaka minne hapa Vifaranga limekuwa langu peke yangu tangu Mwalimu Aoko, aliyekuwa akinisaidia, aolewe na kuhamia Kisumu. Tunamtakia heri, lakini ameniacha pabaya.

Nimesikia kanisani kwamba mnatoa wasaidizi wa kukaa darasani muhula wa kwanza, shule zinapofunguliwa. Naomba mmoja. Januari watakuja watoto wapya karibu arobaini. Wazazi wao wengi wana vibanda Gikomba na ni lazima wawe sokoni asubuhi na mapema, kwa hiyo mtoto anaachwa getini, mama anakimbia, na kilio kinaanza. Januari iliyopita kulikuwa na mmoja aliyeng'ang'ania vyuma vya geti mpaka wakati wa uji. Nilipombandua akashika sketi yangu mpaka wakati wa kwenda nyumbani, na nikafundisha hivyo hivyo, yeye akiwa amening'inia. Akianza mmoja, wengine wanafuata kama kwaya iliyopewa sauti na mwalimu wake.

Januari hiyo tulikuwa wawili na tukavuka. Safari hii nikiwa peke yangu, naogopa akina mama watachoka kuviacha vilio hivyo nyuma yao, na watoto watarudi kushinda sokoni chini ya meza za mitumba. Wengine nimewaona wakianza hivyo na hawakurudi tena.

Ni mimi,
Mwalimu Waringa


Mfuko wa Hatua ya Kwanza,
Makadara.
12 Desemba 2025

Kwa Mwalimu Waringa,

KUH: OMBI LAKO LA TAREHE 8 DESEMBA

Ofisi imepokea ombi lililotajwa hapo juu.

Kabla ya uamuzi wowote, afisa wa Mfuko atafika shuleni siku ya ufunguzi, tarehe 5 Januari, ili kujionea hali ya darasa. Taarifa atakayoandika ndiyo itakayozingatiwa. Ofisi haina ruhusa ya kueleza vigezo vinavyotumika, na inaomba isiulizwe. Uamuzi utakaotolewa utakuwa wa mwisho.

Wako mwaminifu,
Mativo Wathome
Karani

Tanbihi: Kama kuna jambo lisiloeleweka katika barua hii, kosa ni langu wala si la ofisi.


Majengo, 17 Desemba 2025

Bwana Mativo,

Nimesoma barua yako mara mbili, kisha nikampa mume wangu Ndung'u, ambaye ni seremala, naye akaisoma akiwa amesimama kama anayesikiliza hukumu.

Msiwe na shaka nasi. Afisa akija atakuta darasa ambalo hata yeye mwenyewe angependa kuketi ndani yake. Ndung'u amelipaka geti rangi ya kijani. Watoto wapya wanaokaa karibu nawaita jioni kanisani tunafanya mazoezi ya wimbo wa kumkaribisha mgeni. Nimepita pia kwa baadhi ya akina mama, mmoja mmoja, na tumeelewana vizuri.

Naomba kuuliza mambo mawili tu. Je, afisa huangalia na choo? Na je, hunywa chai au soda?

Mwalimu Waringa


Makadara, 19 Desemba 2025

Kwa Mwalimu Waringa,

KUH: MASWALI YAKO

Kuhusu swali la kwanza, hapana. Kuhusu la pili, afisa hataweza kunywa chochote, kwa kuwa inaweza kutafsiriwa vibaya. Afisa huyo ni mimi. Naomba ieleweke kwamba mimi si mkaguzi, wala sijawahi kuwa mkaguzi.

Ningependa kusisitiza kwamba hamhitaji kuandaa jambo lolote maalumu. Nilikuwa nimeandika sentensi nyingine hapa, lakini nimeifuta.

Nawatakia Krismasi njema, kwa niaba ya ofisi.

Mativo Wathome
Karani


Makadara, 7 Januari 2026

Mpendwa Mwalimu Waringa,

KUH: MATOKEO YA ZIARA

Nimeandika barua nyingi za aina hii wiki hii, na yako ndiyo pekee ambayo sikuogopa kuifunga.

Taarifa yangu inasema kwamba kati ya shule zote nilizozitembelea, darasa lenu ndilo lililokuwa tulivu kuliko yote. Sikusikia kilio hata kimoja. Watoto walisimama, wakanisalimu, wakaimba beti tatu, wakaketi. Nilipouliza kuhusu viti vilivyokuwa vitupu, uliniambia kuna mafua mtaani, nikaandika hivyo. Mratibu wetu, Bi. Shitanda, aliisoma taarifa akasema kwamba mwalimu wa namna hiyo hahitaji msaada bali anastahili pongezi. Nakuletea pongezi hizo kwa moyo wangu wote.

Kwa hiyo nafasi za wasaidizi, ambazo ni tatu tu, zimependekezwa kwa shule nyingine zenye shida zaidi. Bi. Shitanda atazitia sahihi Jumatatu tarehe 12 adhuhuri.

Hongera tena.

Mativo Wathome
Karani

Tanbihi: Wimbo ule bado ninao kichwani. Jana niliuimba ofisini bila kujua, watu wakaniangalia.


Majengo, 8 Januari 2026

Bwana Mativo,

Pongezi zimefika. Nimezibandika ukutani karibu na ratiba ya uji, kwa sababu sijui hutumiwaje.

Mafua yamepona. Leo wamekuja wote.

Nisamehe mwandiko. Kuna mtu amelala juu ya mkono wangu, na nikimsogeza ataamka.

Mwalimu Waringa


Gikomba, 8 Januari

Kwa karani wa Makadara,

Mimi ni Wavinya, mama Kyalo. Nauza sweta za watoto hapa Gikomba. Sijawahi kuandikia ofisi na sijui huwa mnaanzaje, kwa hiyo naanza.

Kabla ya Krismasi Mwalimu Waringa alikuja kibandani kwangu, akanunua sweta ambayo hakuihitaji, halafu akaniomba nimweke Kyalo nyumbani mpaka Jumatano, kwa sababu siku ya kufungua shule kutakuwa na mkaguzi. Kyalo analia, sikatai. Akianza kanisani, mchungaji hungoja. Lakini mimi nilikuwa nimemnunulia sare. Jumapili aliivaa akalala nayo. Jumatatu asubuhi ikabidi nimwambie shule haijafunguliwa, huku watoto wa mlango wa pili wanapita na mabegi yao. Siku nzima alikaa chini ya meza yangu na sare yake. Akina mama wenye watoto wa kulia wote tuliombwa hivyo. Hakuna mtoto aliyekuwa na mafua.

Simlaumu Mwalimu. Yule mwanamke aliogopa. Nakulaumu wewe. Mtu mzima unaandika barua gani ya kumtisha mwalimu wa watoto wadogo mpaka anawaficha watoto? Leo nimechelewa kufungua kibanda, nimekaa naye darasani mpaka uji, na kesho nitarudi. Darasa ni vilio kutoka ukuta mpaka ukuta, na yeye ni mmoja. Mama wawili wameondoka na watoto wao, na mimi najua wanawapeleka wapi. Kama ulitaka kuona darasa, njoo ulione sasa.

Mama Kyalo

Barua hii inaletwa na Githinji wa pikipiki. Usimpe jibu, atalipoteza.


Makadara, 9 Januari 2026

Mwalimu Waringa,

Leo siweki KUH. Mama Kyalo ameniandikia. Nilisoma barua yake nikiwa nimesimama kwenye ngazi, kwa sababu Githinji alikataa kuondoka kabla sijaimaliza.

Acha nikuambie lile nililokatazwa. Wasaidizi wetu hupelekwa kwenye madarasa yanayolia. Ndicho nilichotumwa kuja kukisikiliza, vilio. Bi. Shitanda hataki shule zijue, kwa sababu mwaka juzi shule moja ilijua, ikachelewesha uji kwa makusudi ili watoto walie afisa akiwa mlangoni. Kwa hiyo niliagizwa kunyamaza, na mimi nikiogopa hunyamaza kwa maneno mengi. Ile sentensi niliyoifuta Desemba ilikuwa hii: "Usihangaike, wapokee watoto wako kama walivyo." Niliiona haina heshima ya kiofisi.

Nimeajiriwa tangu Oktoba, na niko kwenye majaribio mpaka Machi. Leo asubuhi nilisimama mlangoni kwa Bi. Shitanda mpaka akaniuliza kama nimetumwa na mtu. Nikamweleza yote, na mafua pamoja. Alitaka kujua kwa nini, nilipoona viti vingi hivyo viko vitupu, sikutoka hata kumuuliza muuza mboga aliye nje ya geti. Nilimwambia niliogopa kuonekana kama simwamini mwalimu. Akasema hiyo ni tabia njema kwa mgeni wa chakula cha jioni, si kwa mtu aliyetumwa kuangalia.

Atakuja mwenyewe Jumatatu asubuhi, kabla ya kutia sahihi. Nafasi ya tatu ilikuwa iende mtaa wa Tena, kwa shule ambayo tayari ina walimu wawili. Akisikia vilio Majengo, nafasi hiyo ni yenu. Asipovisikia, taarifa yangu ya kwanza itabaki ilivyo.

Nakuomba sana, usiwafundishe watoto chochote. Msipake rangi kitu chochote. Nitafika mapema kuhakikisha kwamba hakuna kilichoandaliwa.

Mativo


Majengo, 10 Januari 2026

Kijana wangu Mativo,

Nimecheka mpaka Ndung'u akaacha randa yake akaja kuona kama niko salama.

Miaka yote niliyofundisha, tukisikia mtu wa ofisi anakuja, tunafagia, tunaazima mapazia, na watoto wasumbufu wanaugua. Nilifundishwa hivyo na mwalimu mkuu wangu wa kwanza, na yeye sijui alifundishwa na nani. Kwamba kuna ofisi duniani inayotaka kusikia vilio, hilo halikunijia hata ndotoni. Na safari hii niliwaficha kwa ustadi kuliko miaka yote. Hata mapazia yalikuwa ya mchungaji.

Nimewazungukia akina mama kuwaomba radhi. Wale wawili walioondoka wamesema watajaribu tena Jumatatu, mara moja tu. Wavinya amenisamehe na kuniuzia sweta nyingine.

Usiogope. Hatutaandaa chochote. Hawa watoto wanalia kuanzia getini mpaka uji, na baada ya uji wanalia kwa nguvu za uji. Kyalo peke yake anatosha kutupatia msaidizi. Kama kuna kitu kimoja ninachoweza kukuahidi katika maisha haya, ni kwamba Jumatatu watalia.

Mwalimu Waringa


Majengo, 12 Januari 2026

Mativo,

Mmeondoka sasa hivi. Uji bado uko jikoni.

Ulikuwepo, najua, lakini nataka haya yaandikwe na mtu asiyetetemeka. Ulipoingia asubuhi na tai yako, Kyalo alikuwa ameshaanza, na nyuma yake kundi zima lilikuwa linavuta pumzi. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri kabisa. Kisha ukakalia kiti cha mtoto wa miaka minne. Kikavunjika, ukaanguka chali mbele ya darasa, miguu juu. Kukawa kimya. Halafu Kyalo akacheka. Sijawahi kumsikia mtoto huyo akicheka, na sikujua kama anaweza. Akakuomba uanguke tena. Mtu mwingine angekataa. Lakini wewe, mtoto wa watu, mtiifu, ukaanguka tena.

Wavinya akaninong'oneza kwamba tuvumilie tu, watachoka kucheka na kilio kitarudi. Wale mama wawili waliosema watajaribu mara moja wakabaki kuangalia, kisha wakaanza kuwavua watoto masweta. Ndung'u akaja na nyundo kutengeneza kiti, na watoto wakamzunguka. Bi. Shitanda alipotokea mlangoni, Kyalo alikuwa mabegani mwako ameshika tai kama hatamu, Wavinya ana wawili mapajani, na hakuna jicho lenye chozi isipokuwa langu.

Nilijaribu. Nilimwambia, "Mama, nakuapia, hawa ni watoto wa kulia sana," nao wote wakacheka. Aliangalia darasa taratibu, akatushukuru, akakataa chai, akatoka. Nawe ukamfuata na kiatu kimoja hakijafungwa.

Kwa hiyo nimempoteza msaidizi mara mbili, mara ya kwanza kwa kuwaficha na mara ya pili kwa kuwachekesha. Usijilaumu. Ilikuwa asubuhi nzuri kuliko zote nilizopata mwaka huu. Lakini sasa mmekwenda, akina mama wamekimbilia sokoni, Ndung'u amerudi kwenye milango yake, na Kyalo amesimama anaangalia geti. Nakatiza hapa. Wameanza.

W.


Makadara, 13 Januari 2026

Mwalimu wangu,

Garini Bi. Shitanda alisoma tena taarifa yangu ya kwanza mpaka tulipokaribia Jogoo Road. Nilikuwa nimeshaanza kutafuta maneno ya kumwambia mama yangu nitakapofika nyumbani kwetu, mtaa wa Tena, bila kazi. Kisha akaniuliza nimeona watoto wangapi wakilia. Nikasema hakuna. Akaniuliza nimeona watu wazima wangapi. Nikamhesabia: wewe, Wavinya, wale mama wawili, Ndung'u na nyundo yake, na mimi.

"Kwa hiyo hivyo ndivyo watoto wale wanavyokuwa wakipata mikono ya kutosha," akasema. "Na sasa hivi pale kuna mikono mingapi?"

Nikasema miwili.

Akamwambia dereva ageuze gari.

Hukutuona. Tulisimama nje ya geti la kijani, karibu na yule muuza mboga ambaye sikumuuliza kitu siku ya kwanza. Hatukuhitaji kukaribia zaidi. Bi. Shitanda alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kama mtu anayesikiliza redio ya jirani, na baada ya muda muuza mboga akamwambia bila kuulizwa kwamba ndivyo ilivyo kila siku, na kwamba yeye huuza sukuma wiki kwa kupiga kelele zaidi. Wewe ulikuwa unaimba juu ya vile vilio. Ule ule wimbo wa mgeni. Bi. Shitanda akasaini pale pale, juu ya boneti ya gari.

Msaidizi ataanza Alhamisi. Bi. Shitanda anataka awe mtu anayewajua watoto, tena mtu ambaye alikuja kabla ya kuitwa. Nikatumwa kibandani kwa mama Kyalo kumuuliza. Akaniuliza kama kazi hiyo ina barua. Nikasema ndiyo, nimeiandika mimi. Akasema basi nimweleze kwa mdomo, karatasi nibaki nayo. Amekubali. Dada yake atafungua kibanda asubuhi, na yeye atakwenda sokoni mchana. Aliniuzia sweta pia. Ni ya mtoto wa miaka sita, na sina mtoto.

Kuhusu majaribio yangu Bi. Shitanda hakusema lolote, nami sikuuliza. Aliniambia tu kwamba kuanzia sasa nikifuta sentensi, nimpelekee yeye aione kwanza.

Wako,
Mativo


Majengo, 15 Januari 2026

Mativo mwanangu,

Wavinya ameanza leo. Alifika kabla yangu, akafungua geti, akawapokea watoto mmoja mmoja kwa majina wanayoitwa nyumbani. Kufikia saa mbili alikuwa na mmoja mgongoni na mwingine kifuani, na darasa limetulia kiasi kwamba nilisikia Ndung'u akipiga randa upande wa pili wa barabara. Wale mama wawili waliacha watoto wao, wakaangalia nyuma mara moja, wakaenda.

Aliyelia ni Kyalo. Alimwona mama yake amebeba watoto wa wenyewe, akatoa kilio ambacho nadhani kilifika mpaka kwenu Makadara. Alilia mpaka uji, akanywa vikombe viwili, akaendelea. Hataki kubebwa na mama yake, amemkasirikia. Ananitaka mimi.

Kwa hiyo nakuandikia nikiwa nimempakata, na leo sina haraka ya kumaliza. Wavinya ana wale wengine wote. Tuko wawili.

Mwalimu Waringa